Iache Ione Kiu

Jumatatu, 3 Machi

Mwanangu Chiriku,

Kosa wanalofanya watu wengi wanaootesha mboga ndani ya nyumba ni kupigana na kile kinachoruka. Wanaona vijinzi vyeusi vikizunguka juu ya miche, wanakimbilia dawa ya kupuliza, wanapunga magazeti, wanafunga madirisha. Kijinzi unachokiona kinaruka kimeshamaliza shughuli yake, na kitakufa chenyewe hata usipokigusa. Balaa iko chini, kwenye udongo usiokauka, na aliyeikaribisha ni mwenye nyumba kwa maji yake mwenyewe.

Umeniuliza kama hivyo ni mbu. Si mbu, having'ati mtu. Hutafuta udongo ambao uso wake umelowa wakati wote na kuanza kufanya ukungu, hutaga mayai humo, na mayai hutoa vifunza vyembamba kama uzi wa kushonea. Vifunza hula ukungu kwanza. Ukungu ukipungua huhamia kwenye vinyweleo vya mizizi. Juu mche unaonekana mzima, chini hauna midomo tena. Siku moja unarudi kutoka kazini unaukuta umelala, unasema jua kali, unaongeza maji. Hapo ndipo unapoumalizia.

Nakueleza kwa kirefu kwa sababu simu yangu unaijua: nikiiweka sikioni nasikia watu kama wamefunikwa sufuria. Na pia kwa sababu jambo hili si la mchezo. Nyanya za marehemu wifi yangu, zile zenye mbavu na uchachu wa kupendeza, haziuzwi duka lolote. Mama yako alizichagulia mbegu msimu baada ya msimu mpaka zikawa zake. Shamba alilokodi sasa ni gereji. Kilichobaki ni kile kichupa cha mbegu alichokuachia, na mbegu zikizeeka ndani ya chupa hazioti tena. Zisipoota mwaka huu, ndiyo basi. Nusu umeshapanda. Nusu iliyobaki usiiguse mpaka tuelewane.

Kwa sasa acha kumwagilia. Subiri uso wa udongo ukauke hadi ubadilike rangi. Mche mchanga ukiona kiu kidogo hutuma mizizi chini kutafuta, na kifunza kwenye udongo mkavu hakina maisha. Najua kichwa chako kinavyovuja, kwa hiyo chukua karatasi, andika kwa herufi kubwa, ubandike dirishani juu ya trei: IACHE IONE KIU.

Msalimie baba yako. Anakula? Anatoka hata kwenda kibarazani? Kaka yangu huyo hata tulipokuwa wadogo akiumia alikuwa anajificha chini ya meza, na ukimwita anajibu, "Sipo."

Mimi Shangazi yako,
mwalimu mstaafu, magoti mastaafu


Jumanne, 11 Machi

Shikamoo Shangazi,

Barua yako nimeisoma kazini wakati wa chakula. Wenzangu wa duka la miwani wakaniuliza kama ni ya mchumba. Nikawaambia ni ya mtu anayenijali kuliko mchumba, ananiandikia habari za vifunza.

Nimekuletea ripoti, maana najua utataka ripoti. Niliazima lenzi kubwa tunayokagulia mikwaruzo, nikaenda nayo nyumbani, nikapekua udongo kwa kijiti. Shangazi, vipo! Vyeupe, unaona mpaka tumboni, na kichwa cheusi kama kimechovywa kwenye wino. Nilijikunja mwili mzima. Nikamwita baba aje aone. Alikuja, akatazama, akasema, "Nao wanataka kuishi," akarudi kukaa.

Karatasi nimeibandika siku ileile. Nimeandika kwa kalamu nyekundu ya dukani. Baba alipoiona aliisoma, akatoa miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akaisoma tena.

"Nani kaandika?"

"Mimi, baba."

"Maneno ya nani?"

"Ya Shangazi."

Akaitikia kwa kichwa, akaingia chumbani kwake. Nadhani amechoka na mafundisho yako, usikasirike. Siku hizi amechoka na kila kitu. Chai anakunywa, chakula anakisogezasogeza. Hatoki. Anakaa kwenye kiti cha mama karibu na dirisha tangu ninapoondoka mpaka ninaporudi. Nikimwambia twende tukanyooshe miguu ananiambia miguu imeshanyooka.

Sasa tatizo. Sijamwagilia tangu nipate barua yako, naapa. Lakini udongo haukauki. Kila nikirudi jioni umelowa, mweusi, unang'aa. Na miche inalala, Shangazi. Inaanza kwenye shingo, inakuwa myembamba kama uzi, asubuhi imesimama, jioni iko chini. Trei ya upande wa kushoto imekwisha yote. Nilikusanya ile iliyolala, nikaifunga kwenye karatasi, nikashindwa kuitupa, iko kwenye droo. Usinicheke.

Au nyumba yetu ina unyevu? Hapa ghorofani dari la bafuni linavuja, lakini bafu liko mbali na dirisha.

Nifanyeje?

Wako,
Chiriku


Jumatatu, 17 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sikucheki kwa miche ya kwenye droo. Lakini itupe, na itupe nje ya nyumba, maana mche uliooza ni chakula cha vifunza.

Sasa tuzungumze kama watu wazima. Nimefundisha kilimo chuoni mpaka nywele zikawa pamba, na katika muda wote huo sijaona udongo unaojimwagilia. Maji hayatoki ukutani yakavuka sebule. Udongo wa trei ndogo, karibu na dirisha lenye jua, hukauka usoni kwa siku chache. Usipokauka, mtu ameongeza maji. Na nyumba hiyo ina watu wawili, mmoja hainuki kitini.

Sisemi unanidanganya. Nasema wanafunzi wangu wengi waliapa hivyohivyo, na walikuwa wakweli kwa namna yao: "Sikumwagilia mwalimu, nilinyunyizia tu." "Niliosha majani tu." Huruma ina mikono mingi. Unapita, unaona jani limelegea, unadondosha tone. Kesho tone. Udongo hauhesabu huruma, unahesabu maji.

Basi tuanze upya, na safari hii tuzuie kabla hatujatibu.

Udongo wa zamani wote utoe nje. Usichukue mboji ambayo bado ina vipande vya majani unavyoweza kuvitambua, hiyo haijaiva na vijinzi huipenda kuliko wewe unavyopenda usingizi wa Jumapili. Chukua udongo uliochekechwa, uuweke kwenye ndoo ya bati, umwagie maji yanayochemka, funika, acha upoe kabisa na ukauke mpaka ukiufinya unashikana bila kudondosha tone. Trei zioshe kwa sabuni. Panda, halafu juu yake tandaza mchanga mkavu wenye chembe kubwa, kina cha ukucha. Kijinzi kikija kutaga hukuta jangwa, hugeuza.

Kujua kama vifunza vimebaki, kata kipande cha kiazi kibichi, kilaze juu ya udongo siku mbili, kisha kifunue. Vifunza hupenda kiazi, utavikuta vimejikusanya chini yake kama wageni wa harusi. Karatasi ya njano iliyopakwa gundi, isimamishe karibu na trei. Hiyo itawanasa wanaoruka, lakini zaidi itakuambia kama wanaongezeka au wanapungua.

Na kumwagilia: kamwe si kwa juu. Trei ya miche ikae ndani ya sinia. Maji yawekwe kwenye sinia, udongo uyavute kwa chini kupitia matundu. Baada ya nusu saa yanayobaki yamwagwe. Usiyaache, maji yaliyotuama ni yaleyale uliyoyakimbia juu, yamehamia chini tu. Kabla ya kumwagilia tena, inua trei kwa mkono. Nyepesi ndiyo yenye kuhitaji. Nzito iache.

Panda ile nusu, isipokuwa chembe chache za akiba. Na ukiona jani limelegea, fumba macho upite.

Kaka yangu mwambie nimeuliza habari zake na sijajibiwa.

Shangazi


Jumamosi, 5 Aprili

Shikamoo Shangazi,

Nilikaa kimya kwa sababu ulinikasirisha. Ulisema husemi nadanganya, ukaandika nusu ukurasa kusema nadanganya. Lakini nilifanya yote. Nilichemsha maji mpaka jirani wa chini akapanda kuuliza kama tunapika sherehe. Mchanga niliununua kwa mafundi wanaojenga ukuta wa shule, nikauosha, nikauanika kwenye dirisha la jikoni. Kiazi niliweka, kilikuwa safi. Karatasi ya njano ilikaa wiki nzima imenasa kijinzi kimoja na unywele wangu.

Na mbegu zikaota. Ungeona zilivyotoka, Shangazi, zimebeba maganda kichwani kama kofia. Nilimwita baba. Alikaa akazitazama muda mrefu, akasema, "Mama yako alikuwa anazisalimia." Ndiyo sentensi ndefu kuliko zote alizosema mwezi huu.

Halafu mchanga ukaanza kulowa.

Juzi umeme ulikatika kazini, mashine za kusaga lenzi zikasimama, tukaruhusiwa kuondoka mapema. Nilifungua mlango taratibu nikidhani amelala. Amesimama dirishani, kikombe mkononi, kijiko mkono wa pili. Anachota kwa kijiko, anaweka kwenye mche, anasubiri, anachota tena. Mmoja mmoja. Kama mtu anayelisha mtoto. Na karatasi yangu iko palepale juu ya kichwa chake, na maandishi yake mekundu.

Nikasema, "Baba, ni wewe?"

Hakugeuka. Akasema, "Alikuwa na kiu."

Shangazi, nilichemka. Wiki zote hizi umeniona mwongo. Trei nzima ilikufa. Nikapiga kelele, "Ulikuwa, baba! Mche ulikuwa, si alikuwa! Na haukuwa na kiu, unaizamisha! Unaiua! Mbegu za mama zote unaziua kwa mkono wako!"

Akaweka kikombe chini. Akaweka kijiko pembeni yake, kikalingana vizuri na ukingo wa meza. Akaingia chumbani na hajatoka isipokuwa kwenda bafuni. Chakula naweka mlangoni, nakikuta palepale. Nimeomba radhi kupitia tundu la ufunguo. Anajibu, "Hamna neno, mama," kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia.

Nilisema jambo gani baya kiasi hicho? Ni kweli nilikuwa na hasira, lakini tumeshagombana mambo makubwa kuliko miche na jioni tukala sahani moja. Sasa mchanga umeota utando wa kijani na kuna vijinzi tena. Miche michache imeanza kulegea shingo. Sijui niokoe ipi kwanza, miche au baba.

Mwandikie wewe. Anaogopa kukukatalia tangu utoto, aliniambia mwenyewe.

Chiriku


Jumanne, 15 Aprili

Dada,

Shikamoo. Barua yako nimeipata. Kurasa nne kuhusu mizizi, na mwishoni mstari mmoja: "Mdogo wangu, kwa nini ulisema alikuwa?" Ungeanza na huo mstari ungeokoa karatasi. Lakini wewe ni mwalimu, huwezi kuingia nyumbani kwa mtu bila kuzunguka uwanja kwanza.

Nitakujibu, kisha usiniulize tena, na mtoto usimwambie.

Wakati wifi yako anaumwa, Chiriku alikuwa mji mwingine kwenye mafunzo ya miwani. Mama yake ndiye aliyetaka asiambiwe. Tulimwambia ni homa. Aliporudi alikuta mazishi, akaambiwa figo. Hajui ilivyokuwa, na wewe pia hujui, kwa sababu sikusema.

Daktari aliniita pembeni. Akasema figo zimechoka, kila maji anayokunywa hayana pa kutokea, yakizidi yatapanda kwenye mapafu. Akanionyesha kikombe akachora mstari kwa kalamu. Mpaka hapa, kwa siku nzima, na wewe ndiye utakayesimamia. Nikakubali. Nilikuwa mtu wa kufuata maelekezo, unanijua.

Dada, hujawahi kumnyima mtu maji. Hajui mtu uzito wake mpaka aushike. Mwanzoni alikuwa ananitania, ananiita Bwana Mita, anauliza kama bili imelipwa. Baadaye akawa anaomba. Mimi nasema bado. Nikaficha jagi. Nikawa nakunywa maji yangu ngazini ili asinione. Baadaye akaacha kuomba, akawa ananitazama tu nikipita, na midomo yake imepasuka. Nilikuwa namlowesha kwa kijiko. Kijiko, anasubiri, kijiko.

Siku ya mwisho, jioni, alisema, "Leo nipe yote." Kikombeni yalikuwa yamebaki ya kumezea dawa za asubuhi. Nikamwambia, "Kesho asubuhi, mke wangu, tukianza kikombe kipya." Asubuhi hakukuwa na wa kuyanywa. Kikombe kikabaki na maji yake mpaka watu walipoanza kuja. Mtu akataka kuosha vyombo. Nikakichukua nikayamwaga mwenyewe kwenye sinki.

Daktari alisema nilifanya sawasawa. Huenda. Lakini nakaa kwenye kiti chake siku nzima, na juu yangu kuna karatasi ya wino mwekundu, kwa mwandiko wa mtoto wake, na maneno ni yako: iache ione kiu. Ningefanya nini, Dada? Nakaa pale nayaona majani yanalegea.

Miche imekufa najua. Mtoto alisema kweli.

Mdogo wako


Jumatatu, 21 Aprili

Mwanangu Chiriku,

Baba yako ameniandikia. Alichoandika ni chake na hataki kikufikie, nami nimeshika neno lake. Utakasirika, kasirika, nina mgongo mpana. Nitakuambia kiasi nilichoweza kukipima: ulichosema siku ile hakikutoka moyoni mwako kama alivyokisikia yeye, na wewe hukuwa na namna ya kujua. Usimwombe radhi tena kwa tundu la ufunguo. Kila unapoomba, anajibu, na kujibu kunamchosha.

Nakuomba radhi kwa barua ya Machi. Ulikuwa mkweli.

Nilitumia neno baya pia, na mimi ndiye niliyewapiga wanafunzi kalamu nyekundu kwa maneno mabaya. Mche hauoni kiu. Kiu ni ya kiumbe chenye koo. Udongo ukikauka kwa juu na chini kuna unyevu, mizizi inakunywa wakati huohuo ambao wewe unaona ukavu. Hakuna anayeteseka kwenye trei ile. Ningeandika "juu pawe pakavu" ingetosha, na isingemgusa mtu. Karatasi hiyo ibandue. Usiibadilishe kwa nyingine. Ibandue akiwa chumbani, na usiitaje.

Kuhusu miche, sitakupamba. Ile yenye shingo nyembamba imekwisha hata kama bado imesimama, ing'oe. Mchanga wenye utando wa kijani ukwangue wote, weka mpya mkavu. Fungua dirisha mchana hewa ipite. Huenda ukabaki na miche ya kuhesabika kwa vidole, huenda ukabaki na mmoja, na huenda zile chembe za akiba zikawa ndizo mwisho na nazo zisiote, maana zimezeeka. Nimeona aina za mboga zikipotea kwa uzembe mdogo kuliko huu. Mmoja ukifika shambani na kuzaa, una mbegu za kujaza kichupa. Usipofika, nyanya za mama yako hazitakuwepo tena duniani, na sisi watatu tutakuwa ndio watu wa mwisho kuikumbuka ladha yake. Ndivyo ilivyo.

Lakini baba yako usimnyang'anye kazi. Nilitaka kukuandikia umfungie chumba chenye trei, nikaandika hivyo kabisa, kisha nikaichana barua. Akikosa cha kufanya kwa mikono yake atakaa kwenye kiti kile mpaka awe sehemu ya kiti. Kwa hiyo sinia. Kijiko na kikombe viondoe mezani, kikombe hasa. Weka jagi kubwa. Gonga mlango wake, sema, "Baba, Shangazi anasema leo nyanya zipewe maji, na ni wewe wa kuzipa." Mwambie ajaze sinia mpaka atosheke yeye. Asipimiwe. Usimwambie "yanatosha." Yakizidi hayadhuru kitu, kwa sababu hayakai. Yatavutwa yanayohitajika, mengine yatabaki.

Nayo yatakayobaki ndiyo ninayokuandikia barua hii yote. Ukichelewa kuyatoa, vijinzi vitarudi na tutakuwa hatujafanya kitu. Na baba yako hawezi kuyatoa. Usimwombe akusaidie kubeba sinia, usimpitishie karibu, usimuulize kwa nini.

Leo, akishajaza sinia, mpeleke kibarazani mkakae; ikipita nusu saa rudi ndani peke yako, uyamwage wewe, mlango wa jikoni ukiwa umefungwa.

Shangazi yako